Fimbo Kwenye Unyayo wa Mwisho

Gari la polisi lilikuwa limeshaiacha Buswahili nyuma, linarukaruka kwenye makorongo kuelekea Butiama, na Mniko amekaa kwenye bati la nyuma, mikono ndani ya pingu, anaitazama fimbo yake mwenyewe. Fimbo ilikuwa imelazwa miguuni pa konstebo kijana aitwaye Clever, na ncha yake bado ina udongo mbichi. Gari likiruka, fimbo inaviringika, inakuja kumgusa Mniko kisiginoni, inarudi, kama mbwa anayemnusa bwana wake.

"Afande," Mniko akasema, "nimeuliza pale nyumbani sikujibiwa. Nauliza tena. Mnanipeleka kwa kosa gani?"

"Utalikuta hukohuko," Clever akajibu bila kugeuka.

"Hukohuko wapi?"

"Huko linakokaa, mzee. Tulia."

Mwenzake akacheka. Mniko hakucheka. Alikuwa mtu mzima wa wajukuu, mwenye ng'ombe zake na shamba lake, na katika maisha yake yote hakuwahi kuvalishwa pingu. Lakini pingu hazikuwa ndizo zinazomuuma. Kilichomuuma ni ile fimbo, kwa sababu haikutakiwa kuwa ndani ya gari. Ilitakiwa iwe imesimama ardhini kwenye lango la mji wake, yaani boma lake. Na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yanajikusanya.

Mtu asiyeijua Mara hawezi kulielewa hili mpaka aelezwe, kwa hiyo na lielezwe. Ng'ombe wakiibwa, yowe linapigwa, na watu wanazifuata nyayo kwa miguu, usiku na mchana. Kijiji zinamoingia ndicho kinachotakiwa kuzitoa: kionyeshe zilikotokea kwenda mbele, la sivyo kilipe. Zikifia kwenye mji wa mtu, labda zimepanda mwamba zikapotea, mwenye mji hutoka na fimbo yake ya kuchungia akaichomeka kwenye unyayo wa mwisho. Hapo amesema mbele ya wote: ninyi mmechoka, kaeni mnywe maji, kuanzia hapa mzigo ni wangu, watu wangu watazitafuta. Mwizi hafanyagi hivyo, maana anajua zinakoelekea. Fimbo hiyo haiguswi mpaka nyayo zionekane tena. Iking'olewa, ni sawa na mwenye mji amezikataa, na mji uliozikataa nyayo unahesabiwa mji wa wezi. Watu wamechomewa nyumba kwa jambo hilo.

Asubuhi hiyo nyayo zilizofika langoni kwa Mniko zilikuwa za maksai wa mzee Mugeta, mkulima wa pamba wa upande wa Bunda. Vijana waliozifuata walifika na jasho la chumvi usoni, na gari la polisi likaja nyuma yao. Nyayo zilipanda mwamba zikafa. Mniko hakuulizwa mara mbili. Alichukua fimbo ukutani, akatoka, akaichomeka. Vijana wakashusha pumzi, wakaenda kisimani kunywa maji.

Clever hakushusha pumzi. Alikuwa mtoto wa Lindi, hana hata mwaka mkoani. Alichokiona yeye ni mzee anayetoka nyumbani mwake mwenyewe na kwenda kuonyesha mahali ng'ombe wa wizi walipopita. "Huyu kajitaja," akasema, akatoa pingu. Kisha akaing'oa fimbo. Vijana wawili walitoka kisimani mbio, wanapiga kelele: "Afande, acha hiyo fimbo! Usiiguse!" Akawaambia atakayesogea ataingia naye garini.

Kwa hiyo sasa, nyuma kule, vijana wa Bunda walikuwa wamekaa uani kwa Mniko wakilitazama tundu la fimbo. Mdogo wake, Gody, alikuwepo, miguu mizuri, macho mazuri, anaujua mwamba ule mpaka kwenye matete ya mto Mara. Lakini fimbo ya pili haichomekwi bila neno la mwenye mji. Na mwenye mji huyo yuko kwenye bati.

Gari likapita Butiama bila kupunguza mwendo.

"Kituo si hiki hapa?" Mniko akauliza.

"Mlalamikaji ni wa Bunda," Clever akasema. "Na wewe mzee unauliza sana kwa mtu asiye na kosa."

"Mwenye kosa hana haja ya kuuliza, afande. Analijua."

Walimteremsha kwenye kituo kimoja kidogo pembeni ya barabara ya Bunda, jina lake tuliache lilale. Wakamvua mkanda na viatu, wakachukua simu yake. Askari wa kaunta alichukua kalamu ili amwandike, Clever akamnong'oneza, kalamu ikarudi mezani. Fimbo wakaiweka kwenye meza ya ndani, wakaifunga karatasi yenye neno "kielelezo". Mniko wakamsukuma mahabusu.

Humo ndani alikuwemo mtu mmoja tu, kijana mwembamba aliyekaa kwenye ndoo aliyoipindua kama kiti cha saluni.

"Karibu, mzee wangu. Mimi naitwa Fredi, bodaboda wa Bunda mjini. Vua kofia, humu dari liko chini, lina wivu." Akamsogezea kipande cha boksi akalie. "Umekuja na nini?"

"Sijaambiwa."

"Umeandikwa kaunta?"

"Alishika kalamu akaiacha."

Fredi akapiga mluzi mdogo wa kusikitika. "Basi hujafika, mzee. Usipoandikwa wewe bado uko njiani. Wakija ndugu zako kuuliza wataambiwa hayupo, na aliyesema hajadanganya sana. Mimi afadhali, niliandikwa. Nilibeba abiria, kumbe ana magendo, polisi wakatusimamisha, abiria akaruka ukuta. Wakakamata waliobaki, mimi na pikipiki. Pikipiki wameipa kivuli, mimi wamenipa hii ndoo."

Mniko alikuwa amesimama chini ya tundu la dirisha, anaangalia anga. "Mvua inakuja," akasema.

"Humu haivuji sana."

"Nyayo zitafutika." Akamweleza yote: lango, mwamba, fimbo, Gody.

Fredi akainuka kwenye ndoo. Mama yake alikuwa Mkurya, hivyo aliijua maana ya fimbo hiyo. "Wameing'oa?" akauliza taratibu. "Na Wabunda wamekaa hapo hapo uani? Mzee, hilo ni bomu. Sasa sikia. Watakuita uandike maelezo. Ongea, usiongee, shauri yako. Ila usiweke dole. Neno mtu anaweza kukusikia vibaya ukamrekebisha. Dole halirekebishiki. Na ukinyamaza siku nzima wanakufunguliaga mlango wenyewe."

"Wewe ulinyamaza?"

"Mimi? Ningeweza kunyamaza ningekuwa hapa?"

Hawakumchelewesha. Mpelelezi alikuwa Sajini Elias, mtu wa sauti ya chini, shati safi, mkono umezoea kalamu. Alimpa Mniko kiti, akamfungua pingu, akamwagizia chai. Mbele yake palikuwa na karatasi ambayo tayari imejaa maandishi, pedi ya wino, na simu ya Mniko. Fimbo ilikuwa mwisho wa meza.

Elias akaanza kusoma kwa mbio, kama mtu anayemalizia rozari ili akale: unahojiwa kwa kosa la wizi wa mifugo, hulazimiki kusema lolote, utakalosema litaandikwa na laweza kuwa ushahidi, una haki ya kuwepo ndugu, rafiki au wakili...

"Ngoja, afande," Mniko akasema. "Rudia hapo. Polepole."

Elias akainua macho. "Hapo wapi?"

"Hapo pa hulazimiki. Maana yake nikinyamaza si kosa?"

"Si kosa. Ila si busara."

"Busara haijaandikwa hapo. Na hapo pa ndugu. Namtaka mke wangu. Au hiyo simu niongee na mdogo wangu, neno moja tu, hapa hapa unasikia."

"Baada ya kumaliza."

"Imeandikwa baada?"

Elias akainama mezani. Akamsomea ile karatasi iliyojaa. Ilisema kwamba yeye Mniko, kwa hiari yake, alitoka nyumbani kwake akawaonyesha askari kwa kutumia fimbo mahali alipowapitisha ng'ombe wa wizi. Mniko alisikiliza mpaka mwisho.

"Fimbo haikusema hivyo," akasema.

"Ilisemaje?"

Akaeleza. Elias alisikiliza vizuri, hilo lazima tumpe haki yake, hata chai yake ikapoa. Alikuwa mtu wa Tabora. Mambo ya nyayo ameyasikia lakini hajawahi kuyagusa. Mwishowe akatikisa kichwa. "Mzee, mila yenu nzuri. Lakini sheria haiijui fimbo."

"Na nyayo sheria inazijua?"

"Nyayo ni ushahidi."

"Nani aliwaletea nyayo langoni kwangu? Si vijana, kwa mila hiyo hiyo? Mnaikubali inayonipeleka ndani, inayonitoa mnasema haijulikani. Ukimnunua ng'ombe unamchukua na pembe zake, afande."

Hapo ndipo simu ikaanza kutetemeka mezani. Ilitembea yenyewe juu ya mbao kama mdudu, na kwenye kioo likaandikwa jina: Gody. Mniko akanyoosha mkono bila kufikiri. Elias akaifunika kwa kofia yake. Simu ikaendelea kulia chini ya kofia, ikakata, ikaanza upya.

"Weka dole hapa," Elias akasema kwa upole kabisa, "upokee. Nakupa na dhamana, jioni hii unarudi kwako, ufuate nyayo zako na miguu yako mwenyewe. Mbona rahisi?"

Ilikuwa rahisi, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Mniko aliona wazi kabisa: uani kwake vijana wamesimama sasa, hawajakaa, Wankyo, mkewe, yuko katikati, Gody anapiga, hapokelewi, mwamba unangoja tone la kwanza. Dole moja na sauti yake ingefika kule kabla chai haijamwagwa. Kidole chake kilikuwa kimeshasogea mpaka ukingo wa pedi, akahisi ubaridi wa wino.

Kisha akaifikiria hiyo sauti ikifika. Ingefika ikiwa sauti ya nani? Ya mtu aliyekubali kwa dole lake kwamba aliwapitisha. Neno la mwizi halichomeki fimbo. Gody mwenyewe asingethubutu kulibeba.

Akaurudisha mkono pajani. "Nirudishe ndani, afande."

"Utajuta."

"Kujuta nitajuta vyovyote."

Simu ikakata. Haikuita tena.

Kule mahabusu Fredi alikitazama kidole cha Mniko kwanza, kabla ya uso. Alipoona hakina wino akamsogezea ile ndoo, akakaa yeye chini. Mniko hakuikalia. Ngurumo ya kwanza ilipita mbali, upande wa Musoma.

Ndipo akaisikia sauti ya mkewe kaunta. Wankyo alikuwa amepanda bodaboda, ameulizia Butiama akaambiwa hawamjui, akaendelea mbele kituo kwa kituo.

"Namtafuta mume wangu. Ameletwa na gari lenu."

"Jina?"

"Mniko, wa Buswahili."

"Hayupo hapa, mama. Hajaandikwa."

"Sijauliza kama ameandikwa, baba. Nimeuliza kama yupo."

"Nimekwambia hayupo. Jaribu Bunda mjini. Au Musoma."

Mniko akasogea mlangoni. Basi akatia vidole mdomoni akapiga mluzi, ule mrefu unaopanda mwishoni, anaowaitia ng'ombe jioni watoke majini.



"Huyo anayepiga mluzi ni nani?" Wankyo akauliza.

"Mahabusu."

"Mahabusu wa wapi anayejua mluzi wa ng'ombe zangu?" Sauti yake ikapanda. "Baba Rhobi! Uko humo?"

Mniko akaushika mlango wa chuma, akapiga kelele kwa lugha ya nyumbani, kwa pumzi moja: kwamba hajakataa nyayo, fimbo imeng'olewa na askari, Gody achomeke yake kwenye tundu lile lile, kwa neno la mwenye mji, aupande mwamba, ashuke nao mpaka kwenye matete ya mto, aende sasa hivi kabla ya mvua.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Clever akampiga kofi la sikio lililomwangusha kwenye boksi. "Unapanga nini na huyo mwanamke kwa kilugha?"

"Afande! Huyo ni sawa na babu yako!" Fredi akapiga yowe. Naye akapata lake.

Lakini nje, kupitia ukuta, na sikio linavuma, Mniko alimsikia mkewe akiongea kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Gody! Neno limetoka! Nimelisikia kwa masikio yangu, limetoka kinywani mwake. Chomeka! Chomeka, mura, wote wakuone!" Mura ndivyo wanavyomwitaga kijana wa kiume kule, hasa wanapotaka akimbie.

Mniko akalala chali pale pale alipoangukia. Akagundua anatabasamu, na kwamba mdomo una damu.

Walimrudisha kwa Elias akiwa hivyo hivyo. Safari hii hapakuwa na chai. Sajini alimtazama mdomo, akamtazama Clever. Mvua ilianza kugonga bati, kwanza mojamoja, kisha kwa pamoja.

"Hizo ndizo nyayo zako zinazokwenda," Elias akasema kwa sauti kubwa ili asikike. "Umebaki na nini? Weka dole tumalize."

Mniko akanyamaza.

"Nakuuliza, mzee."

Kimya. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Clever akamshika mkono kutoka nyuma, akaupeleka kwenye pedi. Mniko akafunga ngumi. Clever akaanza kuifungua kidole kimoja kimoja, wino ukaruka, ukachafua meza na lile shati safi.

"Acha," Elias akasema.

"Nakaribia, afande."

"Nimesema acha. Dole la kuvutwa linajulikana."

Wakati huo mlango ukafunguliwa na mzee mmoja akaingia, amelowa, goti limefungwa kitambaa, anachechemea. Alikuwa Mugeta mwenyewe, mwenye maksai. Goti lilimshinda njiani asubuhi, hakufika langoni kwa Mniko. Sasa alikuwa amekuja kuandikisha maelezo ya mlalamikaji. Alianza kusalimia. Kisha akaiona fimbo mezani, na udongo uliokauka nchani, na salamu ikaishia katikati.

"Nani ameing'oa hiyo?"

Mugeta akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Nauliza nani ameing'oa!"

"Ni kielelezo, mzee," Clever akasema. "Mtuhumiwa ndiye huyu. Alituonyesha mwenyewe."

Mugeta akamtazama Mniko, mdomo uliopasuka, ngumi nyeusi kwa wino. "Wewe ndiye uliyechomeka?"

"Ndiye mimi."

"Na wakakufunga kwa hilo?" Akamgeukia Elias. "Afande, mimi nimeibiwa maksai. Huyu amenipokea mzigo, ninyi mmempiga. Nani atachomeka tena? Kesho nyayo zikifika kwa mtu atafunga mlango, aseme sitaki kuvimba mdomo. Niandike, kama unaandika. Andika Mugeta amesema huyu simshtaki."

"Kesi ikishafunguliwa ni ya Jamhuri, si yako tena."

"Basi Jamhuri na inilimie shamba langu. Mvua hiyo hapo, sina hata maksai mmoja wa kufunga jembe." Akavuta kiti akakaa mbele ya karatasi. "Andika. Nangoja. Sitoki."

Elias aliitazama ile karatasi yenye nafasi tupu ya dole kwa muda mrefu, mvua inapiga. Kisha akaiweka kando, akachukua nyingine nyeupe, akaanza kuandika aliyoyasema Mugeta. Na alipomaliza akaenda kaunta mwenyewe, akachukua kalamu, akamwandika Mniko kwamba yupo.

Kesho yake Mniko alifikishwa mahakamani Musoma. Alisomewa shtaka, akakana. Hakimu aliuliza kama mshtakiwa alitoa maelezo polisi. Akajibiwa maelezo yapo ila hayana dole wala saini. Akapewa dhamana, akadhaminiwa na Gody na jirani mmoja. Mugeta alitaka kumdhamini, akaambiwa mlalamikaji hadhamini. Kesi ilitajwa mara nyingi, kila mara upelelezi haujakamilika, mpaka upande wa Jamhuri ukaiondoa.

Gody aliufikia mto mvua ikiwa imeshakolea. Maksai wawili walipatikana kwenye matete. Waliobaki walishavushwa, na aliyewavusha hajajulikana mpaka leo. Mugeta alilima kwa hao wawili, pamba yake ikachelewa. Vijana wa Bunda walilala kwa Mniko usiku ule wakala ugali, wakaondoka kwa amani.

Fredi aliachiwa mwisho wa wiki. Pikipiki yake ilibaki kivulini kwa muda mrefu, na alipoipata magurudumu yalikuwa hayafai. Clever aliandikiwa barua ya kujieleza kuhusu lile kofi, akajieleza. Aliomba uhamisho, akanyimwa. Elias alihamishiwa mkoa mwingine. Wankyo aliuza mbuzi kulipia zile nauli za Musoma.

Sikio la kushoto la Mniko halisikii vizuri. Alikwenda kuomba fimbo yake, akaambiwa aandike maombi, aliandika, hakujibiwa. Alikata nyingine.